Kilio Kilichoteremsha Maziwa

Juzi mwenzetu mmoja wa bwenini aliletewa kibuyu cha siagi kutoka milimani, na alipokifungua harufu ilinifikia kabla sijajua ni ya nini. Ilikuwa harufu ya moshi wa majani makavu uliokaa siku nyingi ndani ya chombo, ukachanganyika na maziwa. Wenzangu walikunja pua, wakamwambia akafungulie uchafu wake nje. Mimi, nawaambieni kweli, mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona haya, ingawa tulikuwa tumetoka kula sasa hivi.

Asubuhi ya siku hiyohiyo sista anayetufundisha pedagogia, somo la ualimu, alikuwa ametusimulia habari za mbwa aliyezoezwa kupewa nyama kila kengele inapolia, hata mwisho kengele ikawa inalia peke yake, hakuna nyama, na mate yanamtoka vilevile. Darasa zima lilicheka. Sista akauliza kama kuna anayejua mfano mwingine, wa kwetu. Nilikuwa nao. Nilikuwa nao mzima, na pembe zake na mkia wake, lakini ninyi mnaonijua mnajua kwamba mkono wangu hauinuki darasani. Basi nauandika, maana kwa kalamu hakuna anayenitazama.

Mdogo wangu Wilondja alikuwa hajaota jino hata moja wakati mama alipougua homa kali ya kuambukiza, akapelekwa kwa mashua kutoka kwetu Baraka mpaka hospitali ya kaskazini. Alilazwa juu ya mkeka katikati ya magunia, uso umefunikwa, na alipojaribu kunyoosha mkono kwa mtoto, muuguzi aliyemsindikiza akamkataza. Alisema mtoto asinyonye tena mpaka dawa zimalize kazi yake. Mashua ikasukumwa. Wilondja alibaki mgongoni kwa koko, mama ya baba yetu, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta kitu ambacho mgongo wa koko haukuwa nacho.

Tulimpa uji mwepesi, akautapika. Baba akanunua maziwa ya mkebe dukani, yakamharisha. Baada ya muda ngozi ya mapaja yake ilijikunja kama nguo ya mtu mkubwa iliyovalishwa mtoto, na kilio chake kikabadilika. Kilikuwa cha mikato mifupi mifupi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, halafu kimoja kirefu kinachokatika katikati kwa kukosa pumzi. Nilikuwa nalala karibu naye, kwa hiyo nilikijua kilio kile kuliko nilivyojua sala zangu.

Baba alikuwa na rafiki yake mfugaji huko milimani Bibokoboko, jina lake Muhizi, ambaye walikuwa wakibadilishana chumvi na ndagala wakavu, dagaa wa ziwani kwetu, kwa siagi. Yeye mwenyewe hakuweza kupanda, kwa sababu ilikuwa majira ya kupanda pamba ya lazima, na asiyeonekana shambani mwake bwana agronomu, msimamizi wa kilimo wa serikali, alikuwa akimfunga. Akamwambia koko, sauti yake ikiwa chini sana: “Mama, mupandishe naye kule maziwa iko. Huku tutamuzika.”

Nilisikia neno lile la mwisho, nikajifanya sikusikia. Koko alimfunga Wilondja mgongoni, mimi nikatwikwa chumvi, tukaondoka.

Sisi watu wa ziwani hatujui baridi. Huko juu nilikuta baridi inayotembea, inaingia nyumbani pamoja na ukungu bila kubisha hodi. Nyasi zilikuwa fupi na kijani mpaka pale macho yalipokomea, na ng'ombe walisimama ndani ya ukungu ule kama vile hawana miguu. Muhizi alitupokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mzaha, na kwa sababu sikujibu salamu zake zaidi ya kutikisa kichwa, akanipa jina siku hiyohiyo: Bubu wa Baraka. Mke wake alimtazama Wilondja, akaenda moja kwa moja kukifukiza chombo cha kukamulia kwa moshi wa majani.

Ng'ombe tuliyepewa aliitwa Bihogo, mwekundu kama udongo uliolowa, aliyezaa karibuni. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza, kwamba ng'ombe wa kule hatoi maziwa kwa sababu tu umemshika chuchu. Muhizi alimleta ndama kwanza, akamwacha anyonye kidogo, na mara nikaona mshipa wa tumboni mwa Bihogo umejaa na maziwa yameteremka. Ndipo ndama akavutwa pembeni, akafungwa mbele ya macho ya mama yake, na Muhizi akakamua. Niliona ndama ni ufunguo na Bihogo ni sanduku.

Koko alikunja jani la mgomba, akamdondoshea Wilondja maziwa ya moto kutoka kwenye ncha yake. Alikunywa akiwa amefumba macho, na alipomaliza alilia kutaka mengine. Kuanzia hapo kila kukamua, alfajiri na jioni, koko alisimama naye palepale ubavuni mwa Bihogo, kwa sababu maziwa yalitakiwa kunywewa yakiwa na joto la tumbo. Na mtoto, akisikia tu chombo kikigongana na kigoda cha Muhizi, alianza kulia. Mikato mifupi mifupi, halafu kile kirefu.

Halafu ndama akafa. Alivimba tumbo mchana, jioni akawa amekwisha. Nilimwona Muhizi akiichuna ngozi yake, akaipaka chumvi ileile tuliyoipandisha, akaijaza majani makavu na kuishona. Kesho yake aliisimamisha ngozi ile mbele ya Bihogo. Bihogo akainusa, akailamba chumvi kwa ulimi mrefu, taratibu, kutoka shingoni mpaka mgongoni, na maziwa yakateremka kama kawaida.

Ninyi mtasema ni ujanja wa wafugaji, na ni kweli. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na niliuelewa kwa njia yangu. Nilikwenda kuitazama ngozi ile watu walipoondoka. Mahali pa macho palikuwa na matundu, na ndani yake majani. Nikawaza kwamba mama akifa kule kaskazini watatuletea kikwembe chake, nguo yake ya kujifunga, kimejazwa majani, watakisimamisha mlangoni, na Wilondja atakinusa na kukubali. Sikumwambia koko. Nilikaa na wazo lile tumboni kama mtu aliyemeza kokoto.

Mvua za kule hazina mchezo. Ngozi ililowa, ikaoza, ikanuka, na usiku mmoja mbwa waliirarua. Asubuhi Muhizi aliketi chini ya Bihogo mikono mitupu. Akamkanda kiwele, akamwimbia, akamtaja kwa majina ya sifa. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa, na chuchu hazikutoa hata tone. Mke wake akasema labda amfunge miguu na kumlazimisha. Muhizi akakataa. “Ng'ombe haiko mulango ya kuvunja,” akasema. “Ikikatala, imekatala.”

Koko alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku, jani limekunjwa mkononi. Nilimwona akiangalia chini, kwenye nyasi, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Na Wilondja, aliyekuwa amesikia chombo kikigonga kigoda, akaanza kulia.

Masikio ya Bihogo yaligeuka. Kichwa kilibaki palepale, masikio tu ndiyo yaliyozunguka mpaka yakamwelekea mtoto. Akavuta pumzi ndefu, nikaona mbavu zinapanuka, mkia ukainuka kidogo. Muhizi, ambaye mikono yake ilikuwa bado imeshika chuchu, akasema neno la kwao ambalo sikulielewa, na maziwa yakapiga ndani ya chombo kwa nguvu, shwaa, shwaa, mpaka povu likapanda.

Nilisikia maziwa tu na kilio tu, viwili vile, kimoja kikivuta kingine. Nimeingia kanisani mara nyingi tangu wakati ule, na sijapata tena ukimya kama ule wa zizini.

“Koko, usiende naye mbali,” Muhizi akasema polepole. “Baki papo hapo.”

Mke wake akamtazama mtoto. “Basi,” akasema, “Bihogo imepata mutoto mwengine.”

Ulikuwa mzaha. Mimi niliuamini. Kwa siku nyingi niliamini kwamba Bihogo amemchukua Wilondja kuwa ndama wake, na kwamba kila jani la maziwa linamsogeza mtoto upande wa ng'ombe. Nilikuwa nikimpapasa paji la uso wakati amelala, kutafuta vinundu vya pembe. Siku moja koko alinikuta na kuniuliza natafuta nini, nikasema chawa. Kilichonithibitishia ni mchana mmoja, koko alipopita kando ya malisho akiwa na mtoto anayelia. Bihogo alikuwa mbali, kichwa ndani ya nyasi pamoja na wenzake. Akakiinua peke yake. Nilikuwa karibu naye kuliko koko, nikaona kwa macho yangu maziwa yakidondoka kutoka kwenye chuchu, hayakuguswa na mtu, yanaanguka juu ya nyasi na kuzifanya zitingishike. Wale wengine hawakuinua hata sikio. Nilikimbia. Sikujua ninamkimbia nani.

Wilondja akanenepa. Mapaja yakajaa, mashavu yakaning'inia, na pamoja na shibe ikaja tabia mpya. Hakulia tena. Chombo kikigonga kigoda, alicheka. Alijua sasa kwamba sauti ile maana yake maziwa, basi alie kwa nini? Alipiga mateke mgongoni kwa koko, akatoa ulimi, akacheka kwa sauti.

Na Bihogo akafunga maziwa.

Huo ndio mtego tulioingia, na mpaka leo nikiufikiria nashangaa jinsi ulivyofumwa. Mtoto ameshiba, kwa hiyo halii. Halii, kwa hiyo hapati. Jioni ya kwanza Muhizi alipata maziwa ya kufunika chini ya chombo tu. Alfajiri hakupata kitu. Ng'ombe wengine walikuwa karibu kukauka, na waliokuwa na maziwa walikuwa na ndama wao na watoto wa nyumba ile wa kulisha. Mke wa Muhizi akashauri, bila ubaya, kwamba mtoto afinywe kidogo. Koko akamtazama.

“Mutoto ambaye mama yake haiko hapa,” akasema, “mi simufinye.”

“Basi tungojee njaa imulize yenyewe,” Muhizi akasema.

“Nimeisha ona njaa yake. Sitaki kuiona tena.”

Wakajaribu wenyewe. Koko alilia kilio cha uzee, Bihogo akasogea pembeni. Muhizi akajaribu, na sauti yake nene ilifanya zizi zima linyanyue vichwa, mke wake akacheka mpaka akashika mti wa ua. Akamwuliza mume wake kama anaita ndama au anaita simba. Watu wote wakacheka, hata koko kidogo, na Wilondja akacheka kuliko wote. Lakini chombo kilikuwa kitupu, na mimi sikucheka, kwa sababu nilikijua kile kilio. Kilikuwa kooni mwangu. Nilikuwa nimelala nacho tangu Baraka.

Kusema ni jambo moja. Kulia kama mtoto mchanga mbele ya wenyeji wanaokuita bubu ni jambo jingine. Niliona joto limenipanda masikioni. Nikarudi nyuma taratibu mpaka nyuma ya ua, mahali ambapo sikuonekana, nikachuchumaa, nikaziba uso kwa mikono yangu, nikatoa mkato wa kwanza. Ulitoka mwembamba, kama wa panya. Nikatoa mwingine. Nikakumbuka ile pumzi inayokatika katikati, nikaiacha ikatike, na baada ya hapo sikuwa tena naiga vizuri wala vibaya. Kilitoka tu.

Nilisikia maziwa yakigonga mti wa chombo. Nikanyamaza kwa mshangao, na maziwa yakapungua.

“Nani huyo?” Muhizi akaita. Halafu akaelewa. “Lia, mama. Lia tena, usichoke.”

Nikalia. Nililia mpaka chombo kikajaa, nikiwa nimechuchumaa kwenye matope nyuma ya ua, na ndani yangu palikuwa na jambo ambalo sijui niliite nini. Mimi, ambaye nyumbani walinisahau mezani kwa sababu sisemi, nilitoa sauti na mnyama mkubwa mara kumi kuliko mimi akafungua mwili wake. Hakuniona. Hakunijua. Sauti ilipita juu ya ua, ikaingia masikioni mwake, ikashuka tumboni, ikageuka maziwa, maziwa yakaingia kwa ndugu yangu. Nilipotoka nyuma ya ua Muhizi hakunitania. Alinipa chombo nikibebe mimi mwenyewe kwa koko, na tangu siku hiyo hakuniita Bubu.

Nililia kila kukamua, na siku baada ya siku nikatoka nyuma ya ua, kwanza mlangoni, mwishowe ubavuni mwa Bihogo, mkono wangu juu ya mgongo wake wa moto. Ndipo nilipogundua kwamba Muhizi amekuwa akifanya kitu. Kila nilipoanza kulia, yeye alianza kupiga mluzi mdogo kati ya meno, mluzi uleule kila siku. Siku nyingine alinitangulia kidogo. Siku nyingine alininyooshea mkono ninyamaze mapema. Nilimwuliza kwa nini, nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

“Mutarudi kwenu,” akasema. “Mi nitabaki na Bihogo. Unataka niende Baraka kila asubuhi kukuita uje kulia?”

Kulikuwa na alfajiri nilipofungua mdomo na yeye akatikisa kichwa. Akapiga mluzi peke yake. Masikio yakageuka. Mbavu zikapanuka. Maziwa yakashuka.

Nilisimama pale mdomo wazi, sina kazi tena, na hofu yangu yote ya miezi ile ikanitoka. Bihogo hakumtaka Wilondja. Wala hakunitaka mimi. Alikuwa amezoea ndama, ndama akapisha ngozi, ngozi ikapisha kilio cha mtoto, kilio cha mtoto kikanipisha mimi, na mimi nikapisha mluzi, kama kaa la moto linalopelekwa nyumba kwa nyumba na kila nyumba inapika. Nilifurahi, na papo hapo nikahuzunika kidogo kwa ajili yake. Sista alisema yule mbwa hafikiri kitu, mwili wake tu ndio uliojifunza. Labda. Mimi niliona macho ya Bihogo, na sijui.

Habari ikaja na wachuuzi wa chumvi kwamba mama amepona, amerudishwa, na daktari amesema hana tena ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Wakati huo Wilondja alikuwa anakula viazi vilivyopondwa na siagi, ana meno mawili, na uzito wake ulimfanya koko apumzike kila mteremko. Tulishuka na baridi ikabaki nyuma yetu. Nilipoliona ziwa, lilikuwa jeupe mpaka rasi ya Ubwari, nikaanza kutembea mbele ya koko bila kujua.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa mwembamba, nywele zimekatwa zote, na kwa kitambo kidogo nilitafuta majani kwenye mikunjo ya kikwembe chake. Halafu akataja jina langu, nikajua ni yeye. Lakini hakunikimbilia mimi, na sikumlaumu. Alimtazama yule mgongoni.

Koko akageuka ili mtoto amwone. Wilondja akamtazama mwanamke yule, akatazama kichwa kisicho na nywele, mikono iliyonyooshwa, na uso wake ukajikunja. Akaushika mgongo wa koko kwa kucha zake. Akalia. Mikato mifupi mifupi, halafu kile kirefu.

Mama akarudisha mikono yake. “Hanijue,” akasema. “Mama, mutoto hanijue tena.” Akasimama hivyo, hasogei mbele wala nyuma. Baba alikuwa ametoka shambani, jembe bado begani. Wilondja akazidi kulia.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu wengine walikuwa wakimtazama mtoto. Kwenye blauzi ya mama, upande mmoja, palitokea alama nyeusi, ndogo kama sarafu. Halafu upande wa pili. Alama zikatanuka. Mama alikuwa hajanyonyesha tangu mashua ilipoondoka, majira mazima yalikuwa yamepita, kifua chake kilikuwa kimelala kama cha bibi kizee. Akahisi unyevu, akainama akatazama, akajifunika kwa mikono kwa aibu, na maziwa yakapita katikati ya vidole. Mtoto alivyozidi kumkataa, ndivyo mwili wake ulivyozidi kumwitikia.

Koko alifungua fundo la kitambaa kifuani, akamshusha Wilondja, akamweka mikononi mwa mama akiwa anapiga mateke bado, uso umelowa, mdomo wazi kwa kilio. Tone moja likamwangukia mdomoni. Akanyamaza ili alimeze. Akafikiri. Halafu akafungua mdomo tena, na safari hii hakutoa sauti.